Nani Amwandikaye Mfanyakazi? Ofisi za Kuajiri na Daftari la Mishahara katika Migodi ya Katanga tangu 1910

1. Utangulizi

Kitenzi «kuandika» kina maana mbili katika Kiswahili. Mtu huandika barua, na mtu huandika wafanyakazi. Kusema kwamba fulani «ameandikwa kazi» ni kusema kwamba ameajiriwa, hata kama yeye mwenyewe hajui kusoma. Lugha imehifadhi hapa kumbukumbu ya kihistoria: kwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, kazi ya mshahara ilianza siku jina lilipoingizwa katika daftari la mtu mwingine. Kabla ya hapo palikuwa na kilimo, uvuvi, ufuaji wa chuma na utumwa, lakini hapakuwa na daftari.

Swali linalofuata ni jepesi kuuliza na gumu kujibu. Daftari hilo ni la nani? Je, ni la yule anayefaidika na jasho la mfanyakazi, au ni la mtu wa kati ambaye kazi yake ni kukusanya watu, kuwatoa kwa wengine na kushughulikia mikataba na malipo yao?

Makala haya yanafuatilia swali hilo katika historia ya migodi ya shaba ya Katanga, ambako mpangilio wa daftari umebadilika mara mbili katika muda wa karne moja. Kuanzia 1910 kazi ya kuandika watu ilikabidhiwa ofisi na mawakala waliosimama kando ya mgodi. Kuanzia 1928 kampuni ya migodi ililitwaa daftari na kulishika yenyewe. Tangu mwanzo wa karne ya 21 daftari limerudi tena mikononi mwa watu wa kati. Hoja inayotetewa ni kwamba mabadiliko hayo hayakuwa mambo ya uhasibu tu. Kila mara daftari lilipohama, jibu la swali «nani anawajibika?» lilihama pamoja nalo.

2. Mizizi ya desturi: misafara ya pwani

Desturi ya kumwachia mfanyabiashara kazi ya kuandika watu ni ya zamani kuliko migodi. Katika karne ya 19, kabla ya reli, mizigo ya biashara kati ya pwani na maziwa makuu ilibebwa na wapagazi. Mgeni aliyefika Zanzibar au Bagamoyo akitaka kwenda bara hakuweza kuwapata wapagazi mia tatu kwa siku chache peke yake. Alimwendea mfanyabiashara aliyewajua wanyapara, naye mnyapara akawakusanya watu. Mashuhuri kati ya wafanyabiashara hao alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, ambaye kutoka Bagamoyo aliwapatia wasafiri, wamisionari na wafanyabiashara wa Kizungu bidhaa na wapagazi.

Mpango huo ulikuwa na sehemu tatu ambazo zitaonekana tena katika migodi. Ya kwanza ni malipo ya awali, yaliyotolewa kabla ya safari na kumfunga mpagazi kwa deni. Ya pili ni posho, yaani chakula cha njiani, au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Ya tatu ni mgawanyo wa ujira kati ya anayefanya kazi na mwingine mwenye haki juu yake, kwa maana baadhi ya wapagazi walikuwa watumwa, na mabwana zao wa pwani walichukua sehemu ya malipo.

Mfano mmoja unaihusu Kongo moja kwa moja. Mwaka 1887, Henry Morton Stanley alipokuwa akiandaa msafara wa kumtafuta Emin Pasha, watu wapatao 600 waliandikwa Zanzibar kwa msaada wa kampuni ya Smith, Mackenzie. Walipakiwa melini, wakazunguka kusini mwa Afrika, wakateremshwa kwenye mlango wa mto Kongo, kisha wakapanda mto hadi misitu ya Ituri. Wengi wao hawakurudi. Jina la mtu lilikuwa limeandikwa mahali pamoja na bwana mmoja, na kifo kikamkuta mahali pengine chini ya bwana mwingine.

Biashara ya pwani ilifika Katanga pia, hasa kwa njia ya Wayeke wa Msiri waliokaa Bunkeya. Pamoja na bidhaa, maneno yalisafiri. Posho ya mpagazi ikaja kuwa posho ya mchimbaji, na neno hilo likabaki katika kambi za shaba muda mrefu baada ya misafara kukoma.

3. Daftari la nje: Bourse du Travail na mawakala wa kusini

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Madini yalikuwa tele, lakini watu walikuwa wachache katika eneo la migodi. Iliwabidi wenye migodi kuwatafuta wafanyakazi mbali, na kwa kazi hiyo walitumia milango miwili.

Mlango wa kusini ulishikwa na Robert Williams & Co., kampuni ya yule Robert Williams aliyeanzisha Tanganyika Concessions mwaka 1899 na ambaye alikuwa na hisa katika Union Minière. Kampuni hiyo iliandika watu katika Rhodesia ya Kaskazini na kuwapeleka Katanga kwa mikataba ya miezi michache. Sehemu ya mshahara ilicheleweshwa hadi mtu arudi kwao, jambo lililosaidia pia serikali ya huko kukusanya kodi.

Mlango wa kaskazini ulikuwa Bourse du Travail du Katanga, yaani Soko la Kazi la Katanga, iliyoundwa mwaka 1910. Hii haikuwa kampuni ya kuchimba. Bidhaa yake ilikuwa watu. Mfano wa chombo cha namna hiyo ulikuwapo tayari Afrika ya Kusini, ambako tangu 1900 chama cha wenye migodi ya dhahabu, Witwatersrand Native Labour Association, kilichojulikana kwa wafanyakazi kama Wenela, kiliajiri kwa niaba ya migodi mingi kwa pamoja. Waajiri hawakutaka kushindana wao kwa wao kwa kupandisha mishahara, na ofisi moja ya kuandika watu iliwaepusha na mashindano hayo.

Utendaji wa Bourse ulikuwa rahisi kueleza. Mwandikishaji alikwenda vijijini, kwa mfano katika nchi ya Lomami, akamwendea chifu, mara nyingi akiwa na uzito wa serikali nyuma yake. Vijana walitolewa, wakapimwa afya, wakatia alama ya kidole kwenye mkataba, wakaanza safari, kwa miguu kwanza na baadaye kwa treni palipokuwa na reli. Walipofika walikabidhiwa mwajiri, naye akalipa gharama kwa kila mtu aliyepokelewa.

Katika mpango huo kila mhusika alikuwa na faida yake, na hakuna faida hata moja iliyokuwa sawa na ile ya mfanyakazi. Mwandikishaji alipata kwa wingi wa vichwa, wala si kwa afya yao baada ya kufika. Chifu alipata zawadi au aliepuka ugomvi na serikali. Serikali ilipata kodi ya fedha, ambayo mtu wa kijijini hakuweza kuilipa kwa urahisi bila kazi ya mshahara. Mwajiri alipata mikono bila ya kujishughulisha na vijiji ilikotoka. Aliyeachwa bila mtetezi ni yule ambaye jina lake lilikuwa ndani ya daftari.

Matokeo yalionekana makaburini. Watu waliotoka nyanda za joto walifika kwenye baridi ya Juni na Julai ya Katanga wakiwa wamechoka kwa safari, wakalala katika vibanda vibovu, wakala chakula kisichowazoelea. Kichomi, kuhara damu na homa ya matumbo viliwaua wengi katika miezi ya kwanza, na homa ya mafua ya 1918 ikaongeza msiba. Lawama ilikosa mahali pa kukaa. Mgodi uliweza kusema kwamba uliletewa watu dhaifu. Ofisi ya kuajiri iliweza kusema kwamba watu waliharibikia mgodini.

Jibu la wafanyakazi lilikuwa kutoroka. Jibu la dola lilikuwa sheria. Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mkataba wa kazi ilikuwa na vifungu vya adhabu, na mfanyakazi aliyeuvunja mkataba aliweza kupelekwa mahakamani kama mhalifu. Kwa hiyo mtu aliyeandikwa na ofisi moja, akatumikishwa na kampuni nyingine, alifuatwa na mamlaka ya tatu pale alipoondoka.

Ni muhimu kutambua kwamba watu wa Rhodesia walikuwa na kitu ambacho wenzao wa Lomami hawakuwa nacho. Serikali yao iliweka mkaguzi huko Katanga wa kufuatilia hali zao. Mkaguzi huyo hakuwa mkombozi, kwani alitumikia pia kodi na utulivu wa serikali yake. Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja wa kubisha. Kwa aliyepitia Bourse, mlango wa namna hiyo ulikuwa mgumu kuuona.

Mgawanyiko wa milango uliigusa pia historia ya Kiswahili. Katika miaka ya mwanzo, lugha ya amri kazini ilikuwa kwa sehemu kubwa ile lugha ya mchanganyiko iliyotoka kwenye migodi ya kusini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba kuenea kwa Kiswahili katika Katanga ya viwanda hakuwezi kuelezwa kwa misafara ya zamani peke yake. Kulihusiana na nia ya Wabelgiji ya kujitenga na kusini na kugeukia wafanyakazi wa Kongo yenyewe. Kwa maneno mengine, jinsi daftari lilivyogeukia kaskazini, lugha ya kambi nayo ikageuka.

4. Daftari la ndani: sera ya 1928 na matunda yake

Kufikia katikati ya miaka ya 1920 mpango wa watu wa kati ulikuwa umeanza kushindwa kwa hesabu zake wenyewe. Tume ya serikali ya 1924-1925 ilichunguza tatizo la wafanyakazi na kupendekeza kikomo cha idadi ya wanaume walioweza kuondolewa vijijini. Rhodesia ya Kaskazini nayo ilikuwa karibu kuwahitaji watu wake kwa migodi yake yenyewe. Kuanzia 1925 Union Minière ilitafuta watu hata Ruanda-Urundi. Wakati huohuo viwanda vilibadilika: mitambo ilizidi, na mtu anayeondoka baada ya miezi sita aliondoka na ujuzi aliofundishwa kwa gharama ya kampuni.

Ndipo mwaka 1928 kampuni ilipoanza kwa dhati sera iliyoitwa ya kuwatuliza wafanyakazi. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Mke alikaribishwa kambini, watoto wakapewa posho, pakajengwa zahanati, shule na nyumba za kudumu. Mtetezi mkuu wa sera hiyo alikuwa daktari Léopold Mottoulle, aliyeandika taarifa juu yake mwaka 1946, akitazama nyuma miaka ishirini ya utekelezaji. Uandikishaji, malipo, chakula na nidhamu viliwekwa chini ya idara moja ya kampuni, maarufu kwa herufi MOI. Ofisi ya nje, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imegeuzwa kuwa Office Central du Travail, ilipungukiwa na umuhimu kwa Union Minière.

Isidhaniwe kwamba huruma ndiyo iliyofanya hivyo. Kampuni iligundua kwamba mtu wa kati alikuwa ghali. Kila aliyekufa katika mwezi wa pili na kila aliyetoroka katika mwezi wa tatu alikuwa amekwisha kulipiwa. Mwajiri aliposhika daftari mwenyewe, kifo kiliingia katika hesabu zake kama hasara yake. Tangu hapo alikuwa na sababu ya kununua dawa.

Wala isidhaniwe kwamba daftari la ndani lilikuwa uhuru. Mkuu wa kambi alijua nani amelala wapi, nani amekula nini, mke wa nani amekosa kliniki. Posho ilikuwa chakula na ilikuwa pia kamba. Wakati wa mdororo wa uchumi wa mwanzo wa miaka ya 1930 maelfu walifukuzwa na kurudishwa makwao, bila ya kuulizwa. Kampuni ilijiita mzazi, na watu wa Katanga walilipokea neno hilo kwa maana zake zote: anayelisha, anayefundisha, na anayechapa.

Hata hivyo mzazi ana uso. Mwezi wa Desemba 1941, bei zilipokuwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba, wagomaji wa Elisabethville walikusanyika katika uwanja wa mpira, gavana Amour Maron akafika na askari, Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba ya wenzake akapigwa risasi, na watu wengi wakauawa. Damu ile haitetei sera ya 1928. Lakini inaonyesha jambo moja juu ya daftari: wagomaji walijua waende wapi na wamdai nani. Aliyewaamuru kazini, aliyewalipa, aliyewalisha na aliyewapa nyumba alikuwa mmoja.

Kumbukumbu ya wafanyakazi wenyewe imehifadhi habari hizo. Matini maarufu ya Vocabulaire de ville de Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga na kutolewa tena na Fabian mwaka 1990, inaisimulia historia ya mji kwa macho ya waliotumikishwa ndani yake.

5. Daftari larudi nje

Serikali ya Mobutu iliitwaa Union Minière mwanzoni mwa 1967, na baada ya mabadiliko ya jina ikawa Gécamines. Kampuni ya taifa ilirithi kambi, shule, hospitali na posho. Uzalishaji ulikuwa bado zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kisha ukaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, ghasia na kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai kukafuata mwanzoni mwa muongo huo, na mishahara ikaanza kuchelewa kwa miezi mingi. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikwisha kukipa kitabu chake cha 2001 jina linalowataja wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Kodi ya Madini ya 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya kigeni. Migodi ya Kolwezi, Fungurume na Likasi ikafufuka, lakini mzazi hakufufuka. Makampuni mapya yalitaka shaba na kobalti bila kambi, bila shule, na mara nyingi bila daftari. Kazi ya kuandika madereva, walinzi, wapishi, mafundi na hata wachimbaji ilikabidhiwa makampuni ya kati, chini ya mpango unaojulikana hata katika Kiswahili cha mitaani kwa jina lake la Kifaransa, sous-traitance. Mtu huvaa kofia yenye alama ya mgodi, huamriwa na msimamizi wa mgodi, hupanda basi la mgodi. Lakini mkataba wake una jina la kampuni nyingine, na mwisho wa mwezi mshahara hutoka huko. Mgodi hulipa ankara kwa mkandarasi, mkandarasi hukata fungu lake, kinachobaki ndicho ujira.

Ukubwa wa jambo hili umethibitishwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 na shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ, kituo cha msaada wa kisheria cha Kolwezi, ulihusu migodi mitano mikubwa, na ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake walikuwa chini ya wakandarasi.

Sheria haikunyamaza. Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba kibarua wa kutwa aliyekwisha kufanya kazi siku 22 katika kipindi cha miezi miwili, akiandikwa tena kabla ya kipindi hicho kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ni kifungu chenye nguvu, lakini kina sharti moja lisilotajwa: lazima daftari linaloonyesha siku hizo 22 lipatikane, na liwe la mwajiri mmoja. Mtu akihamishwa kutoka mkandarasi mmoja hadi mwingine huku akibaki kwenye mashine ileile, hesabu yake yaweza kuanza upya kila mara.

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance ilikwenda upande mwingine. Iliiweka shughuli hiyo mikononi mwa makampuni yenye mitaji ya Wakongomani, na ikaweka kikomo cha asilimia 40 ya thamani ya mkataba unaoweza kukabidhiwa wengine. Nia yake ni kwamba faida ibaki nchini, na nia hiyo ni halali. Lakini swali lake la kwanza ni uraia wa mtu wa kati. Swali la nani anawajibika kwa aliyeandikwa linakuja nyuma yake.

6. Hitimisho

Historia hii haifundishi kwamba kampuni inayojiandikia watu wake ni njema na wakala ni mbaya. Kambi za 1928 zilikuwa na ulinzi mkali na uwanja wa 1941 ulikuwa na makaburi. Pia wapo wakandarasi wanaolipa kwa wakati. Kinachofundishwa ni jambo dogo zaidi na la hakika zaidi. Panapokuwa na daftari mahali pamoja na kazi mahali pengine, hasara huteremka hadi kwa yule asiyeweza kuiteremsha zaidi.

Mambo matatu yanathibitisha hayo katika vipindi vyote vitatu. Kwanza ni kifo na ajali: mjane wa mwaka 1915 hakujua aidai Bourse au mgodi, na mjane wa leo huweza kutumwa kutoka ofisi ya mgodi hadi ya mkandarasi na kurudishwa. Pili ni akiba ya uzee: michango ya hifadhi ya jamii hutegemea aliyeandika jina, na mkandarasi aliyefunga ofisi yake haulizwi tena, ila mzee atagundua miaka ishirini baadaye kwamba safu yake ni tupu. Tatu ni madai ya pamoja: wafanyakazi wa mgodi mmoja walioandikwa katika madaftari kumi huwa makundi kumi, kila moja na siku yake ya mshahara na hofu yake.

Mwaka 1928 Union Minière ililirudisha daftari ndani kwa sababu watu wa kati walikuwa wameanza kuigharimu yenyewe. Leo gharama hiyo haiingii katika vitabu vya migodi. Inaingia katika nyumba za Kolwezi na Likasi. Kazi ya sheria, na ya wakaguzi wa kazi wanaoitekeleza, ni kuirudisha pale inapotoka, ili anayefaidika na kazi awajibike kwa mshahara, michango na ajali za kila anayeingia langoni pake, hata kama jina la mtu huyo limeandikwa kwingine.

Kwa taaluma ya Kiswahili kuna kazi pia. Maneno ya ajira ya Katanga, yakiwemo «kuandikwa», «posho» na «kapita», hayajakusanywa kwa ukamilifu kutoka vinywani mwa waliofanya kazi hiyo, na wazee walioingia Union Minière kabla ya 1967 wanapungua kila mwaka. Kila neno miongoni mwa hayo linaeleza uhusiano kati ya mtu na yule aliyeshika kalamu.